Mshika Kamba

Mdogo wangu alikuwa mshika kamba. Msicheke, ni kazi. Fundi wa visima akishuka na sururu yake, roho yake inabaki juu, mikononi mwa mtu mmoja aliyezungusha kamba kwenye nguzo na kuilegeza kidogo kidogo. Katikati ya shimo fundi husimama akauliza, "Umeshika?" Wa juu hujibu, "Nimeshika." Bila jibu hilo hakuna anayeendelea kushuka.

Kwa miaka mingi aliyeuliza alikuwa Mzee Sururu, na aliyejibu alikuwa mdogo wangu. Mzee alimchukua tulipofiwa na baba, akamlisha, akamwoza. Loo, alimpenda! Hata mimi aliniita mwanangu, ingawa ulimi wangu ulimchosha.

Lakini mdogo wangu alitaka kuitwa fundi. Kila akiomba kushuka, mzee alimwambia, "Subiri kidogo, mwanangu. Wachimbaji wapo wengi. Mikono ya kuaminika ninayo miwili tu, nayo ni yako." Ilikuwa sifa, yeye akaisikia kama tusi. Akifika nyumbani, wifi yangu anachochea moto: "Mwenzako anaitwa fundi, wewe unaitwa nani? Utashika kamba mpaka uote mvi?" Nilimwambia wifi anyamaze. Akaniuliza kama nimekuja kusalimia au kutawala nyumba ya watu.

Mzee alikufa asubuhi kweupe, kwenye kisima kirefu nyuma ya kiwanda cha matofali. Mdogo wangu alilia mpaka akazimia. Alisema mvua ililowesha nguzo, kamba ikateleza. Nani angebisha? Tulizika. Mjane mwenyewe ndiye aliyemkabidhi sururu ya marehemu, akamwambia, "Chukua, mwanangu, ni yako sasa."

Basi akawa fundi. Na hapo ndipo tulipoona maajabu: fundi hashuki! Leo mgongo, kesho homa, keshokutwa shimo lina hewa mbaya. Kila mshika kamba aliyemwajiri alimfukuza, huyu ana macho mabaya, yule anacheka ovyo. Wateja wakamkimbia, wifi akanuna, naye akakonda akabaki mifupa.

Mwishowe alinifuata kibaruani, nikichanganya zege.

"Dada, njoo unishikie wewe. Wengine wataniachia."

"Wakuachie kwa nini? Una wazimu?"

Nilimhurumia, jamani. Mikono yangu ina nguvu, na damu ni nzito kuliko maji. Nikaenda.

Kisima kilikuwa uani kwa mjane. Kilikauka, naye alitaka kiongezwe kina. Majirani walikuja kutazama. Nilizungusha kamba kwenye nguzo, nikailegeza kama nilivyozoea kuwaona wakifanya. Alipofika katikati akauliza, "Dada, umeshika?"

Vumbi lilikuwa limenikaba koo. Nilifungua mdomo, kikatoka kikohozi. Akauliza tena. Nikakohoa tena, machozi yananitoka, kamba imenibana viganja. Jambo dogo hivyo.

Ndipo alipopiga yowe, na kisima hakifichi sauti, kinaikuza. "Dada, usiniachie! Usinifanye nilivyomfanya mzee! Aliniuliza nikamjibu nimeshika, halafu nikaachia! Nisamehe, dada, usiachie!"

Mjane alikuwa ametuletea maji ya kunywa. Aliweka jagi chini, kisha naye akaketi palepale kwenye udongo.

Nilimvuta, naye akijikaza kwa miguu ukutani. Hakuna aliyenisaidia, wala sikuomba. Alipotokeza kichwa aliona nyuso za watu, akajua. Hakukimbia. Alikaa ukingoni akingoja polisi, kamba bado iko kiunoni.

Watu wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali ni tamu kwa asiye na ndugu gerezani. Wifi alirudi kwao. Sururu niliirudisha kwa mjane, naye hajaniambia neno baya hata moja mpaka leo, heri angenitukana. Nikienda kumwona mdogo wangu, swali lake ni lilelile: siku ile nilinyamaza makusudi, nilikuwa nimeshajua? Humwambia ukweli, na haamini. Atamwaminije mtu yeyote sasa? Lilikuwa vumbi tu, mdogo wangu. Nilikuwa nimeshika. Muda wote nilikuwa nimeshika.