Kengele za Moniteri wa Pamba

Moniteri wa pamba, yule aliyekagua mashamba yetu ya lazima kwenye njia ya Wamaza, alikuwa na baiskeli ya bei ndogo, pedali zake zikizunguka na gurudumu bila kupumzika, kimya kabisa. Kila mara aliiongezea kitu: kengele ya pili, ya tatu, kopo lenye kokoto chini ya kiti. Tulimcheka kwa madoido yake. Lakini tulikuwa tukimsikia tangu mtoni, tukawahi majembe, maana aliyekutwa ameketi alipelekwa boloko, kufungwa Kasongo. "Wote wanatumika, wote wako kazini," alikuwa akisema akipita, bila kututazama.

Siku moja mzungu wa pamba, mkubwa wake, alimwamuru avitoe vikorokoro vyote. Vidole vyake vilivyozoea kukaza skrubu vilizilegeza polepole mno. Kesho yake alikuja na mzungu nyuma yake, akikohoa, akikohoa tangu mtoni mpaka sauti ikamkauka. Emilienne, jirani yetu, aliyeketi mlangoni akinyonyesha, alimwonea huruma.

"Pole, Bwana Moniteri. Kifua inakusumbua?"

Mzungu alikuwa ameshamwona Emilienne ameketi. Kidole gumba cha moniteri kiliendelea kubonyeza usukani, pale ilipokuwa kengele.