Jiwe la Bi Saumu

Mwaka themanini na tatu nchi iliishiwa fedha za kigeni, na kijiji cha Mgwashi, huko milimani, kikaishiwa sukari. Ilikwisha kwa mtu aliyemtangulia Bi Saumu kwenye foleni, na harusi ya binti wa bibi huyo ikanywa chai ya chumvi.

Tangu hapo jiwe lake halikuondoka mlangoni mwa duka. Siku zile jiwe lilimpangia mtu foleni, na halikunung'unika.

Kisha soko huria likaja. Ukungu ulipofunguka, sukari ilijaa kila kibanda, kana kwamba ilidondoka na umande.

“Shikamoo, bibi,” alisema Yusuph, karani wa shamba la chai, kalamu sikioni. “Ondoa jiwe. Foleni zimekufa.”

“Marahaba. Ulizizika wewe?”

“Sukari ipo tele!”

“Hata ile ilikuwepo, mjukuu wangu, mpaka zamu yangu ilipofika.”

Yusuph akacheka sana. Jiwe likaota ukoga wa kijani.

Miaka ikapita, shilingi ikaporomoka tena, malori ya sukari yakaacha kupanda mlima. Alfajiri moja, wiki ambayo Yusuph alikuwa anaoa, Bi Saumu aliona jiwe jipya limegusana na lake, juu yake kalamu.

Akalisukuma nyuma hatua moja.

“Karibu, wa pili.”