Niliitwa Mbele ya Wazee kwa Ajili ya Mifupa ya Kale

Wakati Waingereza bado wanatawala, nilikuwa mwalimu wa kike pekee katika shule ya kati ya misheni, Muleba. Ualimu niliusomea Bukoba, na likizo fupi nilizimalizia kwa shangazi yangu, mtaa wa Hamugembe mjini humo. Mengi niliyojifunza huko sikuwahi kuyasimulia nyumbani. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri. Kwetu Biblia ilisomwa kila jioni kabla ya chakula, na tulisikiliza bila kuuliza maswali.

Siku moja darasani msichana mmoja aliuliza kama ni kweli Wazungu wamechimba mifupa ya watu wa kale ambao hawakufanana na sisi. Nilimjibu hivi:

"Wataalamu wanasema viumbe vimebadilika kidogo kidogo kwa muda mrefu sana. Mimi naamini kwamba, vyovyote ilivyokuwa, aliyeviumba ni Mungu."

Kufika Jumapili jibu langu lilikuwa limezunguka vijiji, na ile sehemu ya mwisho ilikuwa imeanguka njiani. Watu walikuwa wakisema nimewafundisha watoto kwamba babu yake mchungaji alikuwa enkende, yaani tumbili. Baada ya ibada mchungaji aliniambia nifike mbele ya baraza la wazee Alhamisi.

Nilijua maana yake. Aliyetengwa na Meza ya Bwana hakuweza kufundisha shule ya misheni. Tena mchumba wangu alikuwa mtoto wa watu waliookoka, na ndoa yetu ilikuwa imeshaanza kutangazwa kanisani. Siku hizo zote Mama alinipikia ndizi laini kama za mgonjwa, nikazigusagusa tu. Baba alikuwa mmoja wa wale ambao wangenihukumu, na hakutaka kuizungumza kesi nyumbani.

Alhamisi nilikaa kwenye benchi mbele yao, mikono imefichwa ndani ya kanga. Aliyeanza ni mzee mmoja wa uamsho, wa kundi la waliookoka, mtu mpole lakini asiyeyumba.

"Mwalimu, ulisema sisi tumetokana na enkende?"

"Hapana, waitu," nikasema kwa heshima. "Sikusema hivyo." Nikarudia nilichosema darasani, neno kwa neno.

Akatikisa kichwa. "Mimi nafuga. Ndama akizaliwa, siku hiyo hiyo analifungua jicho lake na kumwona mama yake. Jicho lile halikujitengeneza. Kuna aliyelipanga. Ukiwaambia watoto kwamba vitu vilibadilika vyenyewe, umemwondoa aliyepanga."

Mimi pia nilikuwa nimeona ndama akizaliwa, na nilihisi alichohisi. Nikasema, "Sikusema vyenyewe."

Mchungaji, ambaye hadi hapo alikuwa akisikiliza tu, alifungua Mwanzo na kuwaomba wazee wamwambie jua liliumbwa siku ya ngapi.

"Ya nne," wakajibu.

"Basi asubuhi na jioni za siku tatu za kwanza zilikujaje bila jua?"

Mzee wa uamsho alisema Mungu hahitaji jua. Mchungaji akakubali. "Ndiyo. Na mimi nasema labda hahitaji siku zetu pia. Jicho la ndama lilipangwa, ndugu yangu, hapo tuko pamoja. Sijui tu kama alilipanga kwa siku moja au kwa miaka tusiyoweza kuihesabu. Maandiko yananiambia ni nani. Hayo ya namna gani, sioni dhambi watu wakiyachunguza."

"Mimi bado siamini hiyo mifupa," mzee akasema.

"Hujalazimishwa."

Ndipo baba akaomba nafasi. Aliniangalia kama anavyomwangalia mtu wa nyumba nyingine.

"Mwalimu, ukipiga magoti jioni, unamwomba nani?"

"Muumba wa mbingu na nchi, Tata," nikasema. "Yule mliyenifundisha ninyi na Mama."

Baba akakaa. "Mimi sina swali lingine."

Waliamua niendelee kufundisha, ila nitenganishe wazi yale wanayosema wataalamu na yale tunayokiri kanisani. Hakuna aliyezungumzia kutengwa. Nilipotoka nje nilisimama kwanza kwenye nguzo ya kibaraza cha kanisa. Baba alinifuata, na tulikuwa tumeshaingia migombani aliposema, "Ningekuuliza mapema, lakini wangesema nimekufundisha majibu." Nikaanza kulia na kucheka pamoja, naye akaniacha mpaka nikatulia. Nyumbani nilikula ndizi na maharage sahani mbili, mama amesimama akinitazama.

Ndoa iliendelea kutangazwa. Yule mzee wa uamsho alihudhuria harusi, akaniwekea kiganjani punje za kahawa za kutafuna, ishara ya udugu kwetu, akasema tena kwamba mifupa ile haimshawishi. Kwa miaka mingi baadaye, baada ya ibada, alikuwa akinisubiri mlangoni na swali jipya: kuhusu popo, kuhusu samaki wa ziwani, kuhusu kwa nini kuku ana mabawa na haruki mbali. Mara nyingi nilimjibu kwamba sijui, na jibu hilo lilimfurahisha kuliko mengine.