Viganja vya Abilahi

Bi Ziada wa Kivinje hakuwa na jino hata moja, na hilo halikumzuia kusema. Alikuwa na maneno ya kumtosha yeye na nyumba tatu za jirani. Lakini tangu binti yake Sada alipofariki na kumwachia kichanga cha miezi miwili, maneno yake mengi yaliishia jikoni. Alikuwa akizungumza na maboga.

Maboga yalitoka kwenye kishamba chake nyuma ya nyumba. Mwaka ule, wa pili baada ya vita vya Hitla kwisha, yalizaa kwa fujo hadi yakapanda paa la choo. Abilahi, mjukuu wake, alipofikisha miezi sita aliukataa uji katakata. Akipewa, anatema. Ukitiwa sukari, anatema vilevile. Siku bibi yake alipomlambisha boga kwa ncha ya kidole, mtoto alikishika kile kidole kwa mikono miwili asikiachie.

Basi ikawa boga. Kila asubuhi Bi Ziada alikata kipande, akakichemsha mpaka kikalegea, akakiponda kwa mwiko, akatia tui jepesi na majani mawili matatu ya mchicha, kisha akakikamua katika kitambaa cha bafta ili nyuzi zibaki. Kila kijiko alikionja yeye kwanza, kama alivyoonjewa na mama yake. Kilichobaki chunguni kikawa chakula chake. Kwa nini apike mara mbili, naye hana meno ya kutafunia? Adhuhuri walikula papai, nusu kwa nusu.

Yunusu, baba wa mtoto, alikuwa akikata mkonge huko upande wa Lindi. Alikuwa ameacha neno moja tu: mtoto akae kwa bibi yake maadamu ni mzima. Akiugua, achukuliwe na shangazi yake, Samia, kule Tingi. Samia alikuwa na watoto watatu wenye afya, na tangu siku ya matanga hakuficha kwamba haoni vipi bikizee asiye na jino atalea mtoto mchanga.

Lakini mtoto alinenepa. Akatambaa. Halafu, alipotimiza miezi kumi, Bi Ziada alikuwa akimwogesha asubuhi moja, akageuza viganja vyake na kuona ni vya manjano. Akageuza nyayo. Manjano!

Kwanza alidhani ni binzari. Akamsugua kwa sabuni, akamsugua kwa ndimu, mtoto akalia mpaka majirani wakachungulia, na viganja vikabaki vilevile. Nyumbani hakukuwa na binzari hata chembe, kwa hiyo akaihukumu bafta. Si ilitoka dukani kwa Hasanali, ambako magunia ya viungo hukaa bega kwa bega na majora ya nguo? Akalikamata lile tambara, akaenda nalo hadi dukani, akalibwaga mbele ya Sugra, mke wa Hasanali.

Sugra hakugombana. Alikata kipande kutoka jora lilelile, akakifua katika bakuli mbele yake.

"Tazama, mama. Maji meupe. Sasa hiki chako kina rangi ya nini?"

"Ya boga!" alijibu Bi Ziada kwa hasira, akalinyakua tambara lake na kuondoka.

Jibu alilitamka kwa mdomo wake mwenyewe, maskini, wala hakulisikia.

Majirani nao hawakumsaidia. Mmoja alisema ni jicho la husuda, mtoto amesifiwa unono wake mno. Mwingine alisema ni safura. Wa tatu alilaumu mchicha: nani aliyewahi kumlisha mtoto majani kama mbuzi? Bi Ziada aliwasikiliza wote na kuwaamini wote, na hapo ndipo alipozidi kupotea. Alimfunga mtoto hirizi. Akaacha mchicha. Na kwa kuwa mgonjwa hutakiwa kuongezewa nguvu, akaongeza boga, badala ya mara moja ikawa mara tatu kwa siku. Viganja vikakolea.

Alimpeleka zahanati ya serikali. Lukas, dresa wa pale, alivuta kope za mtoto chini, akakuta macho meupe pe. Akauliza mkojo, akaambiwa ni mweupe. Akabonyeza tumbo, Abilahi akacheka.

"Bibi, mtoto huyu haumwi."

"Na manjano haya?"

Lukas alijikuna kisogo. "Haya sijayasoma. Mlete mwisho wa mwezi, daktari atakapopita."

"Lakini ana ugonjwa au hana?"

"Hana. Ila ana kitu."

Ni jibu gani hilo la kumpa mtu? Bi Ziada alirudi nyumbani akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda.

Habari zilifika Tingi kabla ya daktari. Asubuhi ya Ijumaa Samia alibisha hodi, kwapani ana kanga mpya ya kumbebea mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Samia hakuketi. Alimnyanyua Abilahi, akamgeuza viganja, akatazama nyayo.

"Mama, tusidanganyane. Mtoto mgonjwa huyu. Umemfanya nini?"

Bi Ziada alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane Kivinje, maneno hayakuwepo. Alitaka kusema habari za macho meupe, za dresa, za bafta, na kila moja aliona haitoshi.

"Sijui," alisema mwishowe. "Wallahi, mwanangu, sijui. Labda ni mimi. Labda kuna jambo nakosea kila siku na silioni." Machozi yakamtoka. "Mchukue. Ila ngoja nimwombee dua ya safari."

Samia alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni. Akainamisha kichwa. Bi Ziada akainua mikono yake miwili, viganja juu, akaanza kuomba kwa sauti iliyokatikakatika. Samia aliitikia amini ya kwanza. Ya pili haikutoka. Alikuwa amekodoa macho.

"Mama, umepaka hina lini?"

"Hina?" Bi Ziada alikatiza dua yake. "Tangu Sada azikwe sijapaka. Nimpakie nani?"

Samia alimfungua mtoto, akaushika mkono wake mdogo na kuulaza juu ya kiganja cha bibi yake. Rangi moja.

"Mama, wewe unakula nini?"

"Anachobakisha."

"Siku zote?"

"Siku zote. Meno nitoe wapi?"

Samia alitazama chungu, akatazama lile tambara la manjano lililoanikwa kambani, akatazama maboga yaliyojipanga ukutani. Kisha akaketi chini kwa kishindo.

"Kwa hiyo na mimi naumwa?" aliuliza Bi Ziada, ambaye alikuwa bado hajaelewa.

"Hapana, mama. Hamuumwi. Mmekula boga mpaka limewatokea viganjani." Lakini hakucheka. Siku zote zile watu walikuwa wakivigeuzageuza viganja vya mtoto, na hakuna aliyeitazama mikono iliyomshika.

Mchana ule Samia aliponda wali kwa mchuzi wa samaki, akachambua miiba mmoja mmoja, akapakua mabakuli mawili, dogo na kubwa. Abilahi alitema tonge la kwanza, akameza la pili. Kanga mpya aliiacha. "Boga mara moja moja tu," alisema akiaga. "Nitarudi mwezi ukiandama mara ya pili."

Alirudi kweli. Abilahi alimtambalia hadi mlangoni, lakini safari hii Samia hakuanza na mtoto. Alimpita, akaenda kupiga magoti mbele ya Bi Ziada, akaishika mikono yake yote miwili, akaigeuza.