Maneno ambayo mama wa Odile hakuyasema

Ninyi mnaosoma visa vya wenzenu hapa, leo naleta cha kwangu, na naandika nikiona haya. Nina miaka arobaini na tatu, nina mume na watoto watatu, nakaa Makomeno hapa Lubumbashi, na nafanya kazi katika ofisi inayoshughulikia mizigo ya mpakani. Ukinitazama kwa nje utasema sina shida.

Chuo kikuu nilikuwa na rafiki, nitamwita Odile ingawa siyo jina lake. Yeye alitoka Kilwa yetu ya kando ya ziwa, siyo ile ya pwani; mimi nilizaliwa hapa mjini. Miaka mitano tulilala chumba kimoja. Notisi zilikuwa seti moja: mmoja alisoma kwa sauti, mwingine akisonga bukari, ugali wetu. Wiki ya mitihani niliposhikwa na malaria, Odile alinibeba mgongoni hadi zahanati, kisha akakimbia kwenye mtihani wake akiwa amechelewa. Mama yake alipokuja mjini alileta samaki wakavu, akawagawa mafungu mawili sawasawa: "Hii ya mutoto wangu, na hii ya mutoto wangu."

Baada ya masomo Odile alirudi Kilwa kufundisha. Mimi nilipata kazi, nikaolewa. Tulipigiana simu kila Jumapili, halafu mara moja kwa mwezi, halafu zikabaki salamu za mwaka mpya. Siku moja alikuja kunitembelea akakuta wageni wa mume wangu. Nilimwacha jikoni peke yake, nikaendelea na Kifaransa changu sebuleni. Alikuwa amesema atakaa wiki. Aliondoka kesho yake. Hakunilaumu, nami sikumuuliza.

Mwaka jana, mvua zikiwa nyingi, alinipigia akilia.

"Ndugu yangu, mama bamemuleta mu hôpital kule Lubumbashi. Iko yeye moja, peke yake. Gari yenye ilimuleta ilipita, sasa barabara imekatika, siwezi kufika. Umuangalie mama kila siku, nakuomba, je t'en prie. Sina muntu mwingine."

Nikamwambia, "Usilie. Mama yako ni mama yangu."

Siku ya kwanza nilikwenda kweli. Nilimpelekea uji, nikambadilishia shuka, akanishika mkono: "Mutoto wangu, kesho utarudia?" Nikasema nitarudi. Kesho yake malori yalikwama mpakani, mkubwa wangu akawa mkali, sikwenda. Jioni Odile akauliza habari. Nikamtumia ujumbe wa sauti: "Nimetoka kumuona sasa hivi. Amekula vizuri." Uongo ulitoka kirahisi, hata mimi nilishangaa. Siku ya tatu na ya nne sikuwa hata na kazi nyingi. Nilikuwa nimechoka tu, na harufu ya wodi ilinishinda. Nikatuma ujumbe uleule. Siku ya tano asubuhi hospitali ikanipigia: mama amefariki.

Kilio kilifanyika kwangu. Odile alifika barabara ilipofunguka, pamoja na mdogo wake Fidèle. Walipanda gari moja bila kusemezana, maana walikuwa na ugomvi wa miaka sita juu ya kiwanja cha baba yao. Mbele ya watu wote Odile akapiga magoti miguuni pangu.

"Merci. Mama hakufa yeye moja, alikuwa na weye. Unielezee, alisema nini ya mwisho?"

Niliona Fidèle amesimama mlangoni, kichwa chini. Mdomo wangu ukasema, "Alisema umusamehe Fidèle."

Nyumba nzima ililia. Fidèle alikuja akamwangukia dada yake, wakashikana kama watoto wadogo. Tangu siku ile ni kitu kimoja. Wanalima pamoja, na watoto wa Fidèle wanakula kwa Odile. Na Odile ananipigia tena kila Jumapili, tunacheka kama zamani. Nimempata rafiki yangu kwa maneno ya kubuni.

Miezi miwili iliyopita nilikwenda Mokambo, mpakani, kikazi. Sokoni, mama mmoja muuza maharagwe akanikazia macho.

"Mama, si ni weye ulikujaka na uji mu hôpital? Nilikuwa nalinda bwana yangu ku kitanda cha pembeni."

Nikamuuliza kama alimwona yule mama mwisho wake.

"Miye ndiye nilimushika mukono. Alikuwa anaangalia tu ku mulango. Kila mwenye anaingia, anauliza: ule mutoto wa uji amekuja? Hakusema kitu kingine."

Nilikaa chini kwenye gunia lake, nikalia mbele ya wateja. Hakunitukana. Alinipa maji. Ingekuwa afadhali anitukane.

Sasa familia inamaliza kilio, yaani kuondoa matanga, kule Kilwa. Odile amenipigia kwa furaha: "Utasimama mbele ya famille yote, utarudilia maneno ya mama, batoto bayasikie." Nikamjibu ndiyo. Sijui kwa nini nilimjibu ndiyo.

Mume wangu nimemweleza yote. Anasema, "Nyamaza. Hao watu wamepatana, unataka kuwatenganisha ili moyo wako upumue?" Huenda anasema kweli. Nikisema ukweli, Fidèle atajua kwamba mama yake hakumtaja, na Odile atajua mama yake alikufa akimngoja mtu aliyekuwa amelala nyumbani kwake. Nikinyamaza, rafiki yangu atanishukuru tena mbele ya watu kwa maneno niliyoyabuni, na yule mama wa Mokambo, aliyefanya kazi yangu, hakuna atakayemjua.

Tunaondoka Ijumaa. Ninyi mliowahi kupoteza mama, ninyi mlio na rafiki wa zamani, niambieni bila kunihurumia: mngetaka kuambiwa? Niseme, au ninyamaze?