Bi Moshi na gobore lililonyamaza

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Bi Moshi amelala kifudifudi kwenye tope ukingoni mwa bwawa, na gobore lake limegoma.

Amelenga vizuri, amevuta kifyatulio bila papara. Nyundo imeshuka, fataki imelia ta, kisha basi. Hakuna mlipuko, hakuna moshi, kitako hakijampiga teke begani. Mabata bukini waliokuwa wakielea mbele yake wameinua shingo, wakapiga makelele na kuruka wote kwa pamoja.

Yeye hasogei. Anaanza kuhesabu kwa sauti ya chini: moja, mbili, tatu.

"Gobore likinyamaza huwezi kujua limekufa au limelala," atasema baadaye, akiwa jikoni kwake. "Moto unaweza kuwa unatambaa humo ndani polepole. Ukiligeuza ulichungulie, umekwisha. Unaliacha liangalie kulekule lilikokuwa linaangalia, unahesabu mpaka mia mbili. Hata kama siafu wamekupanda mgongoni."

Ana miaka hamsini na mbili. Jina lake halisi wanalijua watoto wake na karani wa vibali. Wengine wote wanamwita Bi Moshi, kwa sababu asubuhi ananuka moshi wa baruti na mchana moshi wa jikoni. Mwenyewe halichukii jina hilo. Anasema kuna wenzake wamepewa mabaya zaidi.

Mgahawa wake ni chumba cha mbele cha nyumba yao: meza tano, madirisha mawili, na ubao mweusi ukutani ambao haujabadilika maandishi kwa muda mrefu kwa kuwa chakula ni kilekile. Wateja wake wanafuata nyama ya bata bukini wa mwituni. Kibali kinamruhusu kuwinda siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, ndege wasiozidi wanne kwa asubuhi. Ndege mmoja aliyenona anatoa sahani tisa, kumi akibana mkono. Asubuhi ikienda mrama, siku inayofuata nusu ya meza zinabaki tupu.

Leo ni Jumatano, na ukungu umelala chini sana. Bi Moshi anadhani ndio ulioingiza unyevu kwenye kijitundu kinachopeleka moto wa fataki ndani ya mtutu.

Themanini na tano. Themanini na sita.

Bunduki hiyo haina risasi za kisasa. Unaijaza kwa mdomoni. Kwanza baruti, kipimo kimoja kutoka kwenye kichupa. Kisha kitambaa, unakishindilia kwa ufito wa chuma. Halafu marisau, yale mapunje madogo ya risasi, na kitambaa kingine juu yake. Mwisho unavisha fataki nyuma, kikofia cha shaba kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Ukikosea mpangilio, au ukisahau umefika wapi, gobore halikusamehe.

Aliyemfundisha yote hayo ni mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi kwa sababu ya useremala. Zamani mwindaji alikuwa yeye, na Bi Moshi alikuwa mpishi tu.

Miaka tisa iliyopita, asubuhi yenye ukungu kama huu, Fundi alivuta kifyatulio na mwindaji mwingine aliyekuwa jirani yake akavuta wakati huohuo. Mlio ulikuwa mmoja. Fundi alidhani na lake limelia, kumbe lilikuwa limenyamaza. Ndege walikuwa bado angani, na yeye ana haraka. Akashindilia baruti nyingine juu ya ile ya kwanza. Alipovuta tena, mtutu ulipasuka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki bwawani.

"Walimleta amefungwa kwa shati la mtu," anasema Bi Moshi. "Nilikuwa namenya vitunguu. Mpaka leo sijui nani alizima jiko."

Walinunua gobore lingine kwa sababu wateja walikuwa bado wanakuja na watoto walikuwa bado wanasoma. Lakini Fundi hakulishika. Alimfundisha mkewe kwa kutumia fimbo ya ufagio, wameketi sebuleni, na tangu siku aliyoletwa amefungwa shati la mtu hakuwahi kuvuka ua wa nyuma kwenda upande wa bwawa.

Kazi yake siku za kuwinda ni kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Anawasha jiko la mkaa, anateleka birika, anasikiliza. Nyumba iko mwendo wa dakika kumi kutoka bwawani, na mlio wa gobore unafika pale waziwazi. Kwa kawaida unafika kabla maji hayajachemka. Akiusikia, anainuka kwenda kutafuta beseni la kunyonyolea.

Jumatano hii maji yalichemka. Yakafurika, yakazima nusu ya mkaa. Alichosikia ni makelele ya mabata wakiruka, jambo ambalo kwa mtu aliyewahi kuwinda lina maana moja: kuna kitu kimewashtua, na hicho kitu si mlipuko.

"Nilijua limegoma," anasema Fundi. Ni mtu wa maneno machache, na hata haya anayasema akiwa ameangalia pembeni. "Nikajiuliza, sasa hivi anafanya nini? Anashindilia tena? Nikaona mkono wake. Nikaona kabisa."

Akatoka bila viatu.

Kutoka nyumbani kwenda bwawani kuna njia mbili. Njia ndefu inazunguka mashamba na kutokea nyuma ya maficho ya Bi Moshi. Ya mkato inapasua matete na kutokea ng'ambo ya mfereji mwembamba, mbele yake, mkabala na mtutu. Kila mwindaji anajua kwamba asubuhi za kibali ile ya mkato haipitwi. Fundi alilijua hilo kuliko wote. Akapita ya mkato.

Bi Moshi hakujua kwamba mumewe yuko njiani. Alifika mia mbili, akapumua, akachomoa pini kwenye mtandio wake, akakichokoa kile kijitundu mpaka kikawa kikavu. Akavisha fataki mpya. Hakuongeza hata punje ya baruti.

Mabata walikuwa wamezunguka mara mbili na sasa wanarudi, wanashuka chinichini juu ya matete. Akainua nyundo. Akabana kitako begani.

Matete ya ng'ambo yakatikisika.

"Nilijua ni bata," anasema. "Kuna wengine hawaruki, wanajificha humo na kutembea. Nikasema moyoni, huyu amejileta. Nikateremsha mtutu kidogo. Kidole kilikuwa kimeshagusa chuma."

Yakatikisika tena, karibu zaidi. Kitu cha rangi ya kahawia kilipita katikati ya mashina. Bi Moshi akaanza kuvuta.

Ndipo mtu akakohoa.

Hakikuwa kikohozi kikubwa. Kilikuwa kile cha mtu mwenye vumbi la mbao kifuani, kinachoanza na mkwaruzo na kumalizika na mguno mfupi. Bi Moshi amelala kando yake miaka ishirini na minane. Hakuhitaji kuuliza ni nani.

Kuishusha nyundo taratibu hakuweza. Vidole vilikuwa vya baridi na vinateleza kwa tope. Aliuzungusha mtutu kushoto kwa nguvu zote, kuelekea maji matupu, na katika kuuzungusha gobore likalia.

Safari hii halikugoma. Maji yalichimbika, moshi mweupe ukafunika mfereji mzima, na mabata wakatoweka. Kule ng'ambo kitu kizito kikaanguka ndani ya matete.

"Fundi?"

Akasubiri akohoe tena.

"Fundi, nijibu."

Anasema hakumbuki kuliweka gobore chini. Anakumbuka maji yakimfika kiunoni, na baridi yake, na kwamba alikuwa anajaribu kukumbuka marisau husambaa upana gani kwa umbali ule. Mumewe ndiye aliyemfundisha. Alilijua jibu, na jibu halikumpendeza.

Alimkuta ameketi kwenye tope, miguu ameinyoosha mbele, mikono yote miwili juu ya kichwa. Alikuwa mzima. Hakuwa na hata mchubuko, isipokuwa nyayo zilizokatwakatwa na mashina ya matete.

Bi Moshi alimshika uso, kifua, mabega, akamgeuza mgongo kama anayekagua mtoto aliyeanguka mtini.

"Umepiga wapi?" Fundi akauliza.

"Majini."

"Umepoteza baruti."

"Nyamaza," mkewe akamwambia. "Tafadhali nyamaza kidogo."

Walikaa pale mpaka moshi ulipokwisha. Walirudi nyumbani kwa njia ndefu bila ndege hata mmoja. Gobore alilibeba Fundi, begani, mtutu ukiangalia juu.

Bahati nzuri Jumatatu ilikuwa imeacha akiba ya ndege wawili, wameshanyonyolewa. Nyama ya bata bukini wa mwituni haina haraka. Bi Moshi huichemsha saa tatu kwa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, mpaka ilegee na kuachia mfupa, ndipo huikaanga na vitunguu na kuirudishia mchuzi wake. Lakini kabla haijaingia chunguni lazima ipite mikononi mwa Fundi. Yeye huipapasa kipande kwa kipande kwa vidole vyake vinane, akitafuta marisau yaliyobaki ndani. Kila punje anaitupa kwenye bakuli la bati. Kwa miaka tisa ni mteja mmoja tu aliyevunjika jino, na inasemekana lilikuwa bovu tayari.

Asubuhi hiyo bakuli lilikuwa linalia ting, ting. Bi Moshi alishika kisu, akakiweka tena chini. Akakisukuma upande wa mumewe.

"Nikatie vitunguu."

Fundi akakata. Alipofika kitunguu cha tatu akasema, "Acha hii kazi. Tupike kuku."

"Kuku kila kibanda kinapika."

"Na kila kibanda kina mke mzima."

"Mimi si mzima? Aliyekuwa anakufa leo ni nani?" Bi Moshi aligeuka, mwiko mkononi. "Umepita mbele ya gobore. Wewe, wa kupita mbele ya gobore. Ningewaambia nini wanao?"

"Nilikuja kukuzuia usishindilie mara ya pili."

"Ulidhani sijui?"

Fundi aliendelea kukata. "Na mimi siku ile nilikuwa najua," alisema.

Bi Moshi anasimulia kwamba hapo aliweka mwiko chini. Kwa miaka tisa alikuwa akiamini mumewe anakaa kile kizingiti kwa sababu anaogopa bunduki. Hakuwahi kufikiri kwamba kila Jumatatu, Jumatano na Jumamosi mtu yule anaiishi upya ile siku ya ajali kuanzia mwanzo, na kwamba mlio wa gobore ndio unaomtoa humo.

Saa sita wateja walianza kuingia. Mtengeneza baiskeli wa kona ya pili, ambaye hula pale karibu kila siku na huongea kuliko anavyokula, aliuliza mbona leo mlio ulikuwa mmoja na ulichelewa.

"Gobore lilikuwa linasali," Bi Moshi akamjibu, akamwekea sahani.

Wakacheka. Ziliuzwa sahani kumi na nane, zote zilizokuwepo, na kufikia saa nane chungu kilikuwa kitupu. Siku yenye ndege wa kutosha huuza hadi thelathini na tano.

Akiosha masufuria, Bi Moshi aligundua kwamba mumewe hayupo. Kizingitini hayupo, karakana imefungwa. Panga halikuwa mahali pake nyuma ya mlango. Alitoka na mikono yenye povu, akavuka ua, akafuata sauti ya kitu kinachokatwa.

Alimkuta kando ya mashamba, shati amelivua, nyayo zimefungwa vitambaa. Alikuwa anafyeka. Alikuwa amefungua njia mpya, fupi kuliko ile ndefu, kuanzia ua wao, inayopita nyuma kabisa ya matete na kwenda kutokea kwenye maficho yake, mgongoni mwake, mahali ambapo hakuna mtutu unaoweza kuangalia. Zilikuwa zimebaki hatua kama arobaini.

Mpango wao, wanavyoueleza sasa, ni huu: Bi Moshi atalenga, kwa sababu macho yake ni mazuri zaidi na pia hataki kusikia habari ya mwingine kulenga. Fundi atakaa nyuma yake na kichupa cha baruti, na hakuna punje itakayoingia mtutuni bila kupita mkononi mwake. Anasema hana hamu ya kupiga risasi tena. Anachotaka ni kuwepo.

Mwaka ujao wanatumaini kuombea kibali hicho majina mawili. Karani amewaambia haijawahi kutokea mume na mke wakaandikwa pamoja, lakini hakusema haiwezekani.

Siku ile ya Jumatano, Bi Moshi alisimama akaiangalia ile njia, akanyoosha mikono kuipima.

"Mbona umeifanya pana hivi?"

"Ya watu wawili," Fundi akasema, akainama kuendelea. "Na Jumamosi tuwahi kutoka. Mimi natembea polepole."