Siku Nilipoimbia Shuka

Nichekeni sasa hivi, maana mkinicheka katikati nitashindwa kumaliza: mimi, mzee mzima mwenye wajukuu, nimewahi kusimama mbele ya parokia nzima hapa Kamina nikaimbia shuka.

Kwaya yetu ilikuwa na mchezo wa kuimbwa mwanzo hadi mwisho, habari za mke wa mfanyakazi wa reli anayemngoja mumewe stesheni. Mke alikuwa Ngoie, mume mimi, na watazamaji walikuwa wachache hata tungeweza kuwapa mkono wote (nusu yao wake zetu). Kisha akaja kijana wa kamera kutoka Lubumbashi, akataka kuugeuza filamu ya kutazamwa kwenye simu, nami nikajifanya mkubwa, nikasema sauti yangu si ya kutiwa kwenye simu. Ngoie alinifuata nyumbani mara tatu kunibembeleza, mara ya tatu sikumfungulia hata mlango, basi wakamchukua mwalimu mmoja, na filamu hiyo, jamani, ikapendwa kuliko mchezo ulivyowahi kupendwa, mpaka wake wa askari kule kambini wakawa wanaiimba wakifua nguo.

Mwaka haukuisha, Ngoie akafa. Malaria, siku nne tu.

Parokia ikaamua kumkumbuka kwa kuionyesha filamu ukumbini, mchana, madirisha yamezibwa kwa vitenge, shuka limetandazwa ukutani, na mama yake akaletwa kutoka Kabongo aione kwa mara ya kwanza. Mimi nikaona nivae yunifomu ya mchezo na kofia yake, nikakae mstari wa mbele kando ya yule mama, ili watu wasisahau mume wa kwanza alikuwa nani. Uamuzi mdogo tu, mtasema.

Ngoie akatokea, akaimba akiuliza nani anashuka kwenye treni. Sasa kwetu kwenye kwaya anayeita haachwi bila kuitikiwa, ni mwiko, na kabla akili haijanikumbusha kwamba amekufa nilikuwa nimeshasimama, naitikia kwa sauti yote (na kumbe kwenye filamu wimbo wameubadilisha, mwalimu anaingia baadaye sana), watu wakaangua kicheko, haya zikanishika, nikarudi nyuma, mguu ukanasa waya, projekta ikaanguka chini na Ngoie akazimika.

“Tata,” mama yake akaniita, yaani baba kwa lugha ya kwao, akauliza kwa nini, taratibu, “juu ya nini haukuacha mutoto wangu aimbe?”

Projekta haikuwaka tena. Wakamletea filamu kwenye simu, lakini macho yake hayaoni vitu vidogo, akaishika sikioni akawa anasikiliza tu. Ilipokwisha akanigusa mkono wa yunifomu.

“Weye njo Tata Ilunga?”

“Njo minyi, Mama,” nikakubali kwamba ndiye mimi.

“Aliniambiaka mu telefone ataimba na weye. Nilikuya kuona nyiye babili, yeye na weye. Lakini hii sauti haiko yako.”

“Haiko yangu.”

“Juu ya nini?”

Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe alisimama mlangoni kwangu akaondoka? Nikasema nilikuwa mgonjwa siku zile.

“Pole, Tata,” akasema, na akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Tangu siku hiyo nikiitwa kuimba nakwenda, hata matanga ya watu nisiowajua. Mlango sijamfungia mtu tena. Lakini yeye alirudi Kabongo akiamini niliugua, na mimi, nimeogopa kumwambia ukweli mpaka leo.